Makasha Yasiyokuwapo

Kisarawe,
1 Desemba 1935

Kwa mume wangu Mwishehe, bandarini, Dar es Salaam.

Nakuandikia mama yako akiwa amelala, saumu imemchosha. Mimi nanyonyesha, sifungi, basi nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Usizicheke herufi zangu. Ile miaka miwili ya shule ndiyo hii unayoiona.

Mwanao amenenepa mpaka shingo haionekani. Kwa kuwa mlimpa jina la marehemu baba yako, na jina la baba mkwe halitamkwi na mke wa mtu, mimi namwita Mkwe. Watu hawana mbavu. Jana jirani yetu Sikudhani alipita akanisikia nasema, "Mkwe, umenikojolea tena!" Akasimama na mzigo wake wa kuni kichwani. "Mwana we, huyo mkwe adabu alifundishwa wapi?"

Ulipoondoka alikuwa kitoto cha siku chache. Hajui sauti yako. Nikimwonyesha mwanamume yeyote anayepita njiani anatazama, kisha ananitazama mimi, kama anauliza. Mimi namwambia, siye.

Sitaki kitu kingine, nataka uje Idd. Njoo hata mikono mitupu, akushike ndevu akujue. Hilo tu.

Mimi mkeo,
Mwanamkuu


Dar es Salaam,
8 Desemba 1935

Mke wangu Mwanamkuu,

Nitakuja. Nimekwisha mwambia serehangi, mkubwa wetu wa tishali, kwamba Idd hii sibebi mzigo wa mtu, nakwenda kubeba mwanangu. Mbaraka, huyu rafiki yangu ninayelala naye chumba kimoja, ananicheka. Ananiita "mume wa barua."

Hapa kuna jambo. Imekuja meli ya Mtaliani, yule anayempiga Mhabeshi. Imepakwa lami pale penye jina. Inatoka kusini, imezunguka bara zima ili isikaguliwe kwenye mfereji huko juu, ndivyo wanavyosema. Mreno wa Beira kaifungia mlango. Unguja wameipa maji ya kunywa wakaiambia isitie nanga. Mombasa wameleta simu kwamba wasiione hata moshi wake. Lakini imetoboka chini, inazama polepole, ndipo wakubwa wa hapa wakakubali ipunguzwe mzigo, tena nje, mbali na gati, na tishali letu ndilo lililopelekwa.

Karani anasema ni vipuri vya matrekta. Mbaraka akamuuliza, "Trekta gani, bwana, inanuka vitunguu saumu?" Tukacheka sana.

Makasha yamezungushiwa kitambaa cheupe kinene, laini kama sufi. Moja liliteleza kwenye winchi likapasuka. Mabaharia wao walikimbilia upande wa pili wa meli, sisi tukaokota. Unajua desturi yetu, kilichoanguka ni cha aliyekiokota. Mbaraka kachukua kipande kikubwa, anafanya mto wa kulalia. Mimi nimepata kidogo, nimekifunga ndani ya karatasi za mfuko wa saruji, nampa Salehe wa reli akishushe Pugu. Mshonee mwanangu kanzu ya Idd. Nikifika nimkute nayo mwilini.

Mimi mumeo,
Mwishehe


Kisarawe,
14 Desemba 1935

Mume wangu,

Kitambaa kimefika. Sijapata kuona weupe kama ule. Mama yako alikipokea kwa mikono miwili akakibusu, akasema umekua, umekuwa mtu mzima, unakumbuka kwenu. Ahsante sana. Kanzu imemkaa Mkwe vizuri, imebaki kidogo chini, nimeipinda ili akue nayo.

Hiyo meli yako imefika hata huku. Jumbe anasomewa gazeti barazani kwake kila likija, nasi wanawake tunasikilizia uani. Mataifa hamsini yamekutana huko Ulaya, mji unaitwa Geneva, wamekubaliana Mtaliani asiuziwe hiki wala kile. Mtu mmoja akauliza, "Sasa kama wote hamsini wamemkataa, meli yake kwa nini inapakuliwa kwetu?" Jumbe akasema shauri hilo halimo gazetini.

Mama yako hakupenda. Kaka yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Mjerumani, hakurudi, hata kaburi hawalijui. Akasema, "Wazungu wakigombana, yanayouma ni mabega ya kwetu." Halafu akaniagiza nikuandikie kwamba Idd usilale huko. Nami nakuagiza.

Mwanamkuu


Magindu, Kibaha,
22 Desemba 1935

Mke wangu,

Usishtuke kuona mahali pengine. Nimo porini Magindu, karibu na reli. Makasha yale yamepandishwa behewa la peke yake, maana Mbelgiji kasema mizigo yake ya Kigoma haiwezi kukaa pamoja nayo hata kwa kamba ndefu. Na sisi wa tishali tumepandishwa nayo. Hatukuulizwa.

Hapa pana mahema, uzio wa miiba, na Bwana mmoja wa kambi anayevaa glavu hata akila. Ng'ombe wa wafugaji walikuwa wanakuja kunywa bwawani, wamefukuzwa. Karani Mgoa tuliyekuja naye anatuambia kidogo kidogo. Mtaliani anadai vitu vyake kila siku kwa simu. Mngereza anajibu kwamba hakuna kitu, meli ilipunguza mawe tu ya kuituliza. Mfaransa anawaambia wote wawili wasipige kelele, vita isije ikaingia Ulaya. Nikamuuliza karani, "Kama makasha hayapo, sisi tunalinda nini?" Akasema, "Kama hayapo, na ninyi hampo. Ndiyo maana hamwendi nyumbani."

Alisema kwa mzaha. Nasi tukacheka, lakini si wote.

Idd sitafika. Nisamehe. Salehe anapita na treni, ndiye atakayeleta na kupokea barua, kwa siri. Niandikie habari za kanzu. Nikiwaza kwamba mtoto amevaa kitu nilichokishika mimi, moyo unatulia.

Mbaraka anakusalimu. Macho yanamuuma kidogo, moshi wa kuni.

Mwishehe


Kisarawe,
29 Desemba 1935

Mume wangu,

Idd imepita kama mgeni asiyekaa kitako. Nilipika wali wa nazi, mama yako akala matonge mawili akaniambia nimeweka chumvi ya kuhuzunika.

Lakini Mkwe wangu! Ungemwona. Kila aliyekuja alimbeba. "Kanzu gani hii, ya kisultani?" Nikasema, baba yake kaitoa kwenye meli ya Ulaya. Hataki kuivua. Nikijaribu, analia. Basi namwacha alale nayo, usiku na mchana, inakuwa kama umemkumbatia wewe.

Sikudhani anasema hao Wazungu watachoka, Wazungu huchoka upesi, utarudi kabla ya mvua. Mimi nimemwamini. Nimekwisha kufukiza moshi darini ili mbu watoke, chumba kikungoje.

Mama yako ameungua kiganja kidogo na uji. Hapendi nikitazame. Mwambie Mbaraka aoshe macho kwa maji ya mchele.

Mwanamkuu


Magindu,
5 Januari 1936

Mwanamkuu,

Ukifungua barua hii, iweke chini kwanza. Mvue mtoto ile kanzu. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni, kila mkunjo wa mwili. Kanzu usiichome moto, moshi wake usiuvute. Ishike kwa kijiti, ifukie mbali na kisima. Kisha rudi usome.

Mbaraka amekufa. Nilikwambia moshi wa kuni, haikuwa moshi. Ule mto wake. Shavu alilokuwa akilalia lilivimba likatoka malengelenge kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, na macho yakafumba, na mwisho kifua. Daktari aliyekuja alivaa uso wa mpira wenye macho ya vioo. Hakumgusa kwa mkono wake. Tulimzika sisi, tukaambiwa tusiseme wapi.

Karani amenieleza sasa, analia. Makashani mlikuwa na kitu cha sumu, ndicho Mtaliani anachowamwagia Wahabeshi kutoka angani. Kinaingia kwenye nguo na hakitoki, unakaa nacho hujui, hata harufu unaizoea.

Juzi alikuja mgeni wa yale mataifa hamsini, mrefu, sijui Mswidi sijui Mswisi, kutazama. Walikuwa wametuchimbisha mashimo kabla, makasha yote yako chini ya udongo. Akauliza mashimo ya nini. Bwana wa kambi akamjibu, "Visima. Wenyeji hawa wanapata shida ya maji." Yule mgeni akatutazama sisi wenyeji. Hakuna aliyefumbua mdomo, na mimi mmoja wao.

Salehe akipita kesho nitampa barua hii. Mvue, mke wangu. Mvue.

Mwishehe


Kisarawe,
7 Januari 1936

Mume wangu,

Wiki nzima sina neno lako. Salehe anasema treni haisimami tena Magindu, inapunguza mwendo tu, na askari wamejipanga njiani hakuna anayetoa kitu. Lakini ameahidi atakurushia hii dirishani. Basi hata kama huwezi kujibu, wewe soma ucheke.

Mkwe amejua kukaa! Anakaa sekunde anaanguka kama gunia, anatazama kulia na kushoto nani kamsukuma. Ametoka harara shingoni, vipele vidogo vyekundu, pale ukosi wa kanzu yako unapogusa. Joto la mwezi huu na kitambaa kile kizito. Bibi yake anataka nimpake unga wa muhogo. Kanzu simvui. Nikimvua nitabaki na nini cha kwako ndani ya nyumba hii?

Vumilia. Nimeota umekuja, umeshika ndara mkononi ili usituamshe.

Mwanamkuu


Bondeni, shambani kwetu.
Sijui tarehe.

Mwanamkuu,

Barua ya kwanza iliyofungwa pamoja na hii ni ya siku nyingi. Haikutoka. Ya kwako ya harara ndiyo iliyoingia. Nilipita chini ya miiba siku ile ile.

Nimefuata reli kwa mbali, nikavuka Ruvu, nikapita nyuma ya Visiga. Mwanamke mmoja aliniwekea muhogo juu ya kisiki, nilimwomba asinikaribie. Nimefika jana. Nimo kwenye dungu letu la kuamia ndege. Sikudhani amenikuta, namwekea barua chini, anachukua nikishasogea.

USIJE KARIBU. Nguo hizi ndizo nilizochimbia. Sauti imekwenda, siwezi kukuita. Mistari hii naipapasa, nisamehe ikipandana.

Nilikuja kumvua kanzu. Siwezi tena kuja mpaka mlangoni, basi mvue wewe. Kama yu hai nijulishe. Kama hayupo usinijulishe, mwambie Sikudhani apite tu bila kusema.

Mumeo


Kisarawe,
14 Januari 1936

Mume wangu,

Sikudhani amenieleza kwamba macho yako yamefumba kabisa. Kwa hiyo barua hii huwezi kuisoma, nami najua. Naiandika ili niishike mkononi nikisimama mbele yako, maana nikikuona nitalia na maneno yatanipotea. Nitasimama upande unaotoka upepo. Nitakusomea.

Neno la kwanza. Yu hai. Mzima. Harara ilikuwa harara.

Neno la pili ndilo linaloniua. Kanzu hakuvaa. Hakuna kanzu, sikushona kanzu. Siku kitambaa kilipofika nilimpelekea mama yako kwanza, kama inavyopasa, mke hafungui zawadi ya mume kabla ya mama mzaa mume. Akakikumbatia. Akasema, "Mwanangu ameniletea sanda." Alidhani ni yake. Weupe ule, unene ule, mwanamke wa umri wake angefikiri nini kingine? Akakitia kwenye kibweta chake, akalala siku hiyo anatabasamu. Mimi ningesema nini? Mama, nipe, ni cha mtoto? Na wewe ningekwambia nini, kwamba mwanao Idd alivaa shati la kuukuu? Nikakuandikia ulichotaka kusikia. Ukafurahi. Nikaongeza. Kila ulipokuwa mbali zaidi nilimvika zaidi, nikamlaza na kanzu, nikamtoa harara kwenye ukosi usiokuwapo. Nilidhani nakupa kitu cha kushika huko porini. Kumbe nilikuwa nakuvuta kwa kamba chini ya ile miiba.

Niliposoma ile barua yako ya tarehe tano nilikwenda kwa mama yako nikapiga magoti. Nikamwambia yote. Akanifokea, "Sanda yangu unataka kuitupa? Nizikwe na mkeka kama mtu asiye na mtoto?" Nikamwomba nitazame kiganja chake. Akakataa, halafu akakifungua. Haikuwa uji. Kila Ijumaa alikuwa akifungua kibweta na kukipapasa kile kitambaa. Tukakifungua kwa kijiti. Mende wote waliokuwa ndani wamekufa, wamelala chali, na ile harufu ya vitunguu saumu ikatupanda. Tulikwenda kukifukia pamoja, yeye na mimi, mbali na kisima. Kidonda chake kinakauka, Alhamdulillahi. Amesema nikwambie kwamba hana kinyongo na kwamba umekonda, ingawa hajakuona.

Neno la tatu. Askari wawili wako kwa jumbe tangu jana. Wanamtafuta mtu aliyetoroka na mali ya wakubwa. Jumbe akawauliza, "Mali gani?" Mmoja akasema, "Hatukuambiwa, mzee. Tumeambiwa tu kwamba haipo." Watu wakacheka, askari naye akacheka, lakini bunduki hakuiweka chini. Sikudhani anasema nisubiri waondoke ndipo nije. Nimewaza asubuhi nzima. Wakiondoka watakwenda wapi, kama si kushuka bondeni? Na wewe unanisubiri nikupe jibu, na umesema nikinyamaza maana yake hayupo.

Basi nakuja sasa, jua likiwa juu. Nimeweka maji mtungi mzima na sabuni na shuka la mama yako, nitaviacha chini ya dungu nirudi nyuma, uvue hizo nguo uoge. Ukimaliza tutaona la kufanya. Nadhani lipo. Wazungu wanasema hupo, nasi tunaweza kukuficha mtu asiyekuwapo, Kisarawe ina misitu.

Mkwe nimemfunga mgongoni. Najua hutaniamini. Nimekudanganya mara tatu kwa mkono huu huu, kwa nini uamini sauti? Kwa hiyo nikisimama, kabla sijasoma hata mstari mmoja, nitamgeuza kifuani nimfinye paja, Mungu anisamehe, mara moja tu, kwa nguvu. Atalia. Ana kilio kinachofika kwa jumbe, watu wote wanakijua. Askari wakikisikia, wakisikie.

Wewe usijibu, usishuke. Tega sikio tu. Msikilize anavyovuta pumzi katikati ya kilio, ndefu, safi, bila kukohoa.

Ndiye huyo.

Mwanamkuu